Yule wa Tatu Aliyeona

Maneno haya niliyasema Ngamiani, Tanga, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao, siku chache kabla vijana hawajaripoti kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Nimeyaandika kwa kuombwa na waliokosa viti. Salamu nimezipunguza, maana zenyewe tu zilikula robo saa.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mashehe wetu, wachungaji, wenyeviti wa mitaa, wazazi wenzangu, nanyi wanangu: itifaki imezingatiwa, na niliyemruka anisamehe.

Tanga tunasemwa kwamba "waja leo waondoka leo". Basi waondokaji wa safari hii ni nyie. Wengine mnakwenda Maramba, hapo Mkinga, ambako mama akizidiwa na hamu anapanda basi asubuhi na jioni yuko nyumbani, ingawa getini watamrudisha na chupa yake ya chai. Wengine Mgambo, Handeni. Wengine mmepangiwa Mafinga na Bulombora, na hao nimeshawatambua kwa nyuso zao. Msihofu. Baridi ya Mafinga inamfundisha mtu kuoga haraka, basi.

Nimeombwa nizungumze juu ya heshima kati ya wavulana na wasichana kwenye mafunzo ya jeshi. Najua aliyeniomba alitarajia nini. Alitarajia niwaambie wasichana wajisitiri, wavulana washushe macho, tusome dua, tunywe kahawa. Hayo mmeshaambiwa nyumbani tangu mna meno ya utotoni. Kama hayakuingia kwa miaka kumi na minane, hayataingia kwa dakika zangu arobaini.

Mimi nataka kuzungumza na mtu ambaye hotuba za namna hii humsahau. Kila mara tunawasemesha wawili, anayefanya na anayefanyiwa. Kwenye kombania ya vijana mia, hao ni wachache. Waliobaki ni wengi, nao ndio walioona, waliosikia, waliocheka kidogo, waliogeukia ukutani wakajifanya wamelala. Huyo ndiye yule wa tatu. Humu ukumbini kila mmoja wenu atakuwa yeye mara nyingi kuliko atakavyokuwa mkosaji au mkosewa. Leo nimekuja kwa ajili yake.

Kwanza nimalize habari ya wale wanaosema mwanamke jeshini ni mambo ya kuiga. Wapo, na wawili kati yao nawaona wamekaa karibu na dirisha. Hapa hapa Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao wametoka India, wakafukuzwa na jeshi la Wajerumani ambalo halikufika hata robo yao, na nyuki waliowashambulia askari wale wakapata sifa ambayo hadi leo hawajaipoteza. Historia hiyo kila mgeni wa Tanga anasimuliwa. Asichosimuliwa ni kwamba kombania za askari weusi wa Mjerumani zilitembea na wanawake. Wake za askari na watoto wao waliandamana na vikosi, wakipika, wakibeba mizigo, wakiuguza majeruhi, wakijifungua njiani. Vita vile vilikwenda miaka minne, na wanawake hao hawakuwa na namba, mshahara wala kaburi lenye jina. Kwa hiyo mwanamke hakuanza leo kuufuata mgongo wa bunduki. Jipya ni kwamba sasa bunduki anaishika mwenyewe, ana namba, na ana haki ya kulalamika.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo kwa mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994, yakarudi mwaka 2013, na ndiyo yanayowaita sasa. Wengi wenu mtarudi baada ya miezi mitatu, mweusi zaidi, mwembamba zaidi, na mama hatakutambua kituoni. Wachache mtaendelea. Kati ya hao wachache, mmoja au wawili watafika chuo cha maofisa cha Monduli, watavaa vazi la ofisa mwanafunzi, na siku moja watatunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu. Tangu tarehe 19 Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu huyo ni mwanamke. Majenerali wenye mvi wanasimama wima mbele yake na kumpigia saluti, na sijasikia hata mmoja aliyeteguka bega.

Jirani zetu hapo ng'ambo ya Horohoro wametoka mbali vilevile. Fatuma Gaiti Ahmed aliingia jeshi la Kenya mwaka 1983, wakati wanawake wakiwekwa kwenye kikosi chao peke yao. Mwaka 2018 akawa meja jenerali wa kwanza mwanamke nchini kwao, na mwaka 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga la Kenya aliongoze. Miaka arobaini na moja, wanangu. Wale waliokuwa wakimcheka mwaka 1983 wamestaafu, wanafuga kuku.

Sasa turudi kambini.

Ilikuwa alfajiri, kama saa kumi na moja, kwenye kambi ambayo sitaitaja. Kombania inakimbia safu tatu kwenye barabara ya vumbi, wafupi mbele ili hatua zisipotee, na mbele huko wengi ni wasichana. Mimi, mkufunzi wao, nakimbia pembeni. Aliyekuwa akiongoza nyimbo ni kijana mwenye koo la chuma, mcheshi, anapendwa na kila mtu, hata mimi nilimpenda. Alianza vizuri. Halafu katikati ya wimbo akachomeka jina la msichana mmoja, na baada ya jina ukafuata mstari juu ya makalio yake. Kombania ikaitikia. Ikacheka. Akaongeza mstari wa pili, mbaya kuliko wa kwanza, nao ukaitikiwa kwa nguvu zaidi.

Msichana mwenyewe alikuwa hatua mbili mbele yangu. Hakugeuka. Nilichokiona ni shingo yake imekaza, na mkono wa kushoto umeacha kwenda sawa na mguu. Mtu wa kwata akiona hivyo anajua huyu hayupo tena kwenye mchakamchaka, kichwa chake kimekwenda kwingine.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuwasimamisha. Kabla sijatoa sauti, safu ya nyuma kabisa, kijana mmoja mwembamba, koti limempwaya, akapaza wimbo mwingine. Wimbo wa kawaida tu, tuliouimba kila siku, kwa sauti mbovu ambayo hata kuku angeomba radhi. Mstari wa kwanza hakuna aliyemwitikia. Wa pili wakaitikia watatu au wanne, wengi wao wasichana. Wa tatu nusu ya kombania ikawa yake. Yule mcheshi akabaki anaimba peke yake, akaona aibu, akanyamaza.

Tulipofika uwanjani mcheshi alipata haki yake, mbele ya wote, na alimwomba radhi yule msichana mbele ya wote vilevile, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya wote. Kisha nikamwita yule mwembamba, nikamuuliza kilichomtuma. Akasimama wima, akasema, "Afande, ule wimbo ulikuwa unanichosha." Basi. Hakuleta maneno ya haki za binadamu wala hakutafuta sifa. Ule wimbo ulimchosha, akaanzisha mwingine, na mstari mmoja aliuimba peke yake mbele ya watu mia. Hiyo ndiyo gharama aliyolipa. Nataka muikumbuke, kwa sababu mnaposikia "ujasiri" mnafikiri ni lazima mtu apigane. Mara nyingi gharama yake ni huo mstari mmoja usioitikiwa.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwenye vyuo ambavyo dunia nzima inaviiga, ili msidhani hii ni shida ya watu maskini.

Marekani, mwezi Oktoba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuwafungulia wanawake vyuo vya kijeshi. Mwaka uliofuata wasichana 119 wakaingia West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu. Mwaka 1980 walihitimu 62. Wavulana nao wengi hawafiki mwisho, mafunzo yale ni magumu, lakini waliomaliza wamesimulia mengi: salamu zisizojibiwa, matusi yanayosemwa kwa sauti ya chini wakati wa kula, wenzao wa darasa waliowaambia ana kwa ana kwamba hawatakiwi. Waliofanya hivyo walikuwa wachache. Waliowasikia wakifanya hivyo walikuwa darasa zima.

West Point wana kanuni ya heshima yao, fupi kama amri: kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, hasemi uongo, hafanyi udanganyifu, haibi, wala hawavumilii wanaofanya hayo. Sikilizeni kipande cha mwisho. Kinamhusu yule wa tatu. Ukijua na ukanyamaza, umeivunja kanuni na wewe. Chuo cha Jeshi la Anga, kule Colorado, wana kanuni inayofanana nayo, na hawaifanyii mchezo. Mwaka 1965 vijana 109 waliondoka chuoni hapo kwa mkasa wa wizi wa mitihani, na baadhi yao hawakuwa wameiba chochote. Walijua, wakanyamaza, wakaondoka na mabegi yao.

Chuo hicho hicho, mwaka 2003, kilikutwa na aibu nyingine. Wasichana walianza kusema hadharani kwamba wamebakwa au wameshambuliwa na kadeti wenzao, na waliporipoti hawakusaidiwa. Bunge la Marekani likataka uchunguzi, jopo likaongozwa na Tillie Fowler, aliyewahi kuwa mbunge. Jopo likakuta madai 142 ya mashambulio ya kijinsia ndani ya miaka kumi. Wakuu wa chuo waliondolewa. Tena hayo 142 ni yale yaliyosemwa. Wengi hawakusema, na sababu zao zilijulikana: msichana akiripoti, anaulizwa kwanza alikuwa wapi saa ile, kwa nini alikunywa pombe, kwa nini alitoka bila ruhusa. Anaadhibiwa yeye kwa kosa dogo, na kosa kubwa linabaki kwenye faili.

Hebu lipimeni hilo. Vijana wale wale, chini ya kanuni ile ile, walifundishwa kumripoti rafiki aliyenakili jibu la hesabu. Lakini rafiki aliyemvamia msichana bwenini, huyo walimfichia, na kumficha wakakuita uaminifu. Jopo lenyewe liliona hivyo, kwamba kadeti walikuwa waaminifu zaidi kwa wenzao kuliko kwa kile walichoapa. Mimi naongeza langu: mtu hajifunzi kuvumilia uovu siku ya uovu wenyewe. Anajifunza alfajiri, kwenye wimbo, anapoitikia.

Pale chuoni palikuwa na njia ya mteremko ambayo kadeti mpya huipanda siku ya kwanza. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa za chuma, "Nileteeni wanaume." Wasichana walianza kuipanda mwaka 1976. Maandishi yaliondolewa mwaka 2003. Kwa miaka ishirini na saba msichana aliyefaulu mtihani, aliyepimwa afya, aliyekula kiapo, alipita chini ya chuma kinachomwambia hakuitwa yeye. Wapo watakaosema ni maandishi tu, na chuma hakimpigi mtu. Ni kweli. Lakini kila mwalimu aliyepita chini yake kila siku naye aliyaona.

Australia nako. Mwaka 2011, kwenye chuo chao cha maofisa, kijana mmoja alikuwa na msichana chumbani kwa ridhaa yao wote wawili. Asichojua msichana ni kwamba kamera ilikuwa wazi, na kwamba chumba kingine wenzake wa kiume wamekaa wanatazama moja kwa moja. Vijana wawili walihukumiwa mahakamani mwaka 2013. Mimi sishughuliki na hao wawili, wamepata chao. Nashughulika na wale waliokuwa wamekaa wakitazama. Kila mmoja wao alikuwa na miguu, na mlango ulikuwepo.

Mwaka huo huo wa 2013 mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, Luteni Jenerali David Morrison, aligundua kundi jingine la wanajeshi waliokuwa wakitumiana picha na maneno ya kuwadhalilisha wanawake. Akasimama mbele ya kamera, hakutabasamu, akawaambia wanajeshi wake kwamba jambo baya ukilipita ukanyamaza, basi umelikubali liwe ndiyo kiwango chako. Na asiyeweza kufanya kazi na wanawake kama wenzake, aondoke. Alizungumza dakika chache tu, na mimi nimeshavuka hizo.

Mnaona kwa nini nimetaja picha. Kambini simu mtaziacha, alhamdulillahi. Lakini mtarudi, mtakuwa na makundi yenu ya WhatsApp, na siku moja itaingia picha ya msichana mliyekuwa naye kombania moja. Hujaipiga wewe. Hujaituma wewe. Umeifungua, umecheka, umeipeleka kwa mwingine mmoja tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina kifungu cha kumsamehe aliyetuma "kwa mmoja tu".

Nije kwenye cheo, na hapa wazazi msogee karibu.

Jeshi ni amri. Kuruta anaambiwa kimbia, anakimbia, lala, analala, kula, anakula. Ndiyo maana mwenye amri akiwa mtu mbaya, hatari yake ni kubwa kuliko ya bosi wa ofisini. Msichana wa miaka kumi na tisa akiambiwa "njoo kwangu saa nne usiku", mwili wake umeshafundishwa kusema "ndiyo afande" kabla akili haijafika. Nimewaona wasichana wakitoka na ndoo, eti kuna nguo za kufuliwa usiku. Usiku zinafuliwa nguo gani?

Basi shikeni hili. Amri halali inaweza kutolewa mbele ya watu. Ina kazi inayoonekana, ina muda, na msimamizi wa zamu anaweza kuijua. Amri inayonong'onwa, inayotaka uje peke yako, inayosema usimwambie mtu, hiyo si amri, hata ikiwa imetoka kwenye mabega yenye nyota. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe nafasi, cheo au upendeleo wowote. Hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wanapokea simu bila malipo namba 113. Na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwishaliingiza suala la unyanyasaji wa kijinsia kwenye Kanuni ya Adhabu, maneno na vitendo vyote vimo, si kushikwa peke yake.

Na mvulana unayelala hanga la pili, yaani bweni la pili, ukimwona mwenzako wa kike anaitwa gizani, huna cheo cha kumzuia afande. Sawa. Lakini unaweza kusimama useme, "Afande, naomba niende naye nibebe ndoo." Adhabu yake ni kuruka kichura. Nimewaona waliorushwa kichura kwa kosa la kupiga chafya kwenye gwaride, kwa hiyo magoti yenu yatakuwa yameshazoea.

Wasichana, sijawasahau. Mmekuwa mkitabasamu upande wenu kama mko harusini. Heshima mnayoidai mtaidai vizuri mkiwa mmebeba mzigo wenu. Msichana anayepeleka tumbo la kuuma kila siku ya fatiki, yaani kazi za mikono, anayemtumia kijana anayempenda amchotee maji na kumfyekea eneo lake, anawachimbia shimo wenzake ishirini wanaofyeka kweli, kwa sababu kesho wote wataitwa wavivu. Na msichana anayemsingizia mvulana kwa hasira za mapenzi anaua maneno ya wasichana watakaokuja kusema kweli baada yake. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi: wavulana nao hudhalilishwa, kwa maneno na kwa mikono, na wanaowacheka zaidi ni wenzao pamoja na nyie. Mvulana akikwambia, msikilize kama ambavyo ungetaka usikilizwe.

Mizigo tuitaje vizuri. Agosti 2015 wanawake wawili, Kristen Griest na Shaye Haver, wote wahitimu wa West Point, walikuwa wanawake wa kwanza kumaliza Ranger School, mafunzo ya jeshi la Marekani ambayo wanaume wengi huyakimbia. Waandishi waliwauliza wanaume waliopita nao. Mmoja wao alieleza kwamba safari moja alikuwa amelemewa na silaha nzito, akaomba wenzake wampokee, na kati ya kundi lote aliyejitokeza ni Haver. Bila yeye, alisema, huenda asingemaliza mafunzo. Mnisikie wanaume: hakuna aliyemlazimisha kijana yule amheshimu. Na mnisikie wanawake: mzigo ule haukuwa wake.

Nimalizie kwa jambo ambalo huenda wengine hawatapenda nilitaje hapa nyumbani. Vijana hawa, wakifika mbali, watavaa kofia ya bluu ya Umoja wa Mataifa na kupelekwa kulinda watu wa nchi nyingine. Watanzania wamekwenda Kongo, wamekwenda Lebanon, wamekwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, na wengine walirudi kwenye jeneza lililofunikwa bendera. Heshima yao haina mjadala. Lakini Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi cha Watanzania 60 kitarudishwa kutoka Afrika ya Kati, kwa sababu ushahidi wa awali ulionyesha 11 kati yao walihusika na unyanyasaji wa kingono kwa watu wanne. Hesabuni wenyewe. Kumi na mmoja walidaiwa kufanya. Walioamriwa kurudi ni sitini. Sijui aliyeona ni nani na aliyelala ni nani kati ya wale arobaini na tisa, na wapo bila shaka wasiojua lolote. Ila amri ya kurudi iliwahusu wote.

Hapo nilikaa, wakaanza maswali. Mama mmoja wa Chumbageni aliuliza kama binti yake akiwa na tatizo atamwambia nani, maana kila mkubwa pale ni afande. Nikamjibu kwamba kambini wapo wasimamizi wa kike, aanze nao. Wakimpuuza aende kwa mkuu wa kombania, kisha mkuu wa kikosi. Na kama anayemlalamikia ndiye huyo mkubwa, basi nje ya geti kuna vituo vya polisi vyenye Dawati la Jinsia na Watoto, na mzazi anaweza kwenda yeye mwenyewe bila kusubiri mtoto apate ruhusa. Nikamwomba pia kitu kimoja: siku binti akipiga simu na sauti imebadilika, asianze na "ulikuwa umevaa nini".

Kijana mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa amenyamaza muda wote, aliuliza afanye nini kama aliyekosa ni rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Nilimwambia inategemea alichofanya. Kama ni maneno, mfuate usiku huo huo, mwambie wewe mwenyewe, kabla hajazoea. Kama ameshika, amelazimisha, au amepanga kulazimisha, usimfuate yeye. Mfuate msichana kwanza, muulize anataka nini, kisha nenda naye kwa msimamizi, na useme ulichokiona wewe, usiongeze ulichosikia. Andika tarehe, saa, mahali na waliokuwepo, siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya wiki mbili watu wote watakuwa wamesahau isipokuwa yeye.

Akauliza ataandikia nini, maana kaka yake amemwambia kalamu kambini zinaibwa. Nikamwambia abebe tatu.